Bibi Mmoja wa Shangani

Mwalimu Pandu Makungu alikuwa mtu wa Bwejuu, na hilo ndilo jambo ambalo hakupenda ulijue. Ukimuuliza kwao wapi, alikujibu, hapa hapa mjini, Mkunazini. Na kweli alikuwa na chumba Mkunazini, juu ghorofani, katika nyumba ya mawe yenye ngazi za kiza. Ukimshikilia, ati kwao hasa, kwa wazee wake, ndipo anapotazama pembeni na kusema, kusini huko. Kusini huko, jamani! Kama kwamba kijiji hakina jina, na yeye hakuzaliwa na mtu. Wala hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuwa mwalimu mpole, hana ugomvi na jirani, hakosi sala ya alfajiri. Ila haya ya kwao ilikuwa imemganda, na ndiyo iliyomfikisha nnakotaka kukueleza.

Mjini aliingia mwaka wa sitini na nne, baada ya Mapinduzi, skuli zilipopungukiwa na walimu na vijana waliosoma wakaitwa kusomesha. Alikuja na sanduku la bati na ulimi wa Bwejuu. Wiki ya kwanza, wakati wa mapumziko, walimu wenzake walikuwa wakinywa chai kwa maandazi, wakamuuliza kama ameshakula. Akawajibu kwa Kiswahili cha kwao, kama alivyokuwa akimjibu mama yake kila siku ya Mungu. Walicheka mpaka mmoja chai ikampalia. Hawakuwa na ubaya, walicheka tu. Lakini tangu siku ile Pandu akawa anausikiliza ulimi wake mwenyewe kabla hajaufungua mdomo. Baada ya mwaka mmoja alikuwa akisema Kiunguja cha mjini kuliko watu wa mjini wenyewe, kila khe na ghaini mahali pake.

Huko Bwejuu alimwacha mama yake, Bi Mize binti Usi, mjane, ambaye nusu ya kijiji ilifungua kinywa kwa vitumbua vyake. Kila Ijumaa Bi Mize alijaza kapu akampa Mjaka, dereva wa gari la shamba, ampelekee mwanawe mjini. Pandu alilifuata kapu Darajani, akalifunika gazeti, akapita nalo vichochoroni. Akikutana na mtu akamuuliza kabeba nini, alisema ni vitumbua kanunua. Na alivila vyote, wala hakubakisha. Utamu wake haukumtia haya. Kilichomtia haya ni mahali alikotoka mpishi.

Sasa basi, mwaka wa sabini kulizuka ubishi barazani juu ya boflo. Mkate wa boflo uliliwa kila nyumba, lakini jina hilo limetoka wapi? Mmoja alisema la Wareno. Wa pili akasema la Kizungu, limepindwa na wapishi wa Kigoa. Wa tatu, mzee mmoja mkali, akaapa kuwa ni jina la mwokaji wa zamani aliyekuwa na duka Malindi na babu yake alimjua. Pandu aliyapenda sana mambo hayo. Akaandika barua redioni, barua iliyonyooka, na Bwana Nahodha, aliyekuwa na kipindi cha lugha kila Jumatano alasiri, akamwita. Alimtaka aje azungumze robo saa, moja kwa moja hewani, juu ya majina ya vyakula vya asubuhi, yametoka wapi na kila mahali yana maana gani.

Mengine aliyapata vitabuni na kwa masheikh. Kaimati, walimwambia, ni Kiarabu, maana yake vitonge vidogo. Mofa asili yake si mkate, ni tanuri la udongo. Mkate umeitwa kwa tanuri lake. Mkate wa ajemi umechukua jina la Uajemi. Mahamri ya watu wa Mombasa yametajwa kwa hamira iliyoumua unga, nayo ndiyo yale yale ambayo Unguja ni maandazi. Watu wawili wanaweza kugombana kutwa na kitu wanachokula ni kimoja. Mpaka hapo mambo yalikwenda. Lakini alipofika kwenye kitumbua, na chila, ule mkate mwembamba wa mchele, na hilo andazi lenyewe, vitabu alivyokuwa navyo vilinyamaza, na mabibi wa mjini aliowauliza walimwambia, mwanangu we, kitumbua ni kitumbua. Likizo ilipofika akapanda gari la Mjaka na daftari lake, akaenda kwa mama yake.

Bi Mize alikuwa hajapata kuulizwa kitu na mtu mwenye daftari. Asubuhi alimkalisha jikoni karibu na chuma cha vitumbua, akamwambia asiandike kwanza, atazame. Mchele ulikuwa umerowekwa na kutwangwa tokea jana, ukachanganywa na tui na hiliki, ukaachwa uumuke. Akachota kwa upawa akamimina katika kila kishimo, na unga ulipoanza kuiva ukafanya vitundu juu, kimoja kimoja, vikipasuka.

Akamwonesha kwa kidole jinsi unavyotumbuka. Yeye alifundishwa na bibi yake kwamba jina limetoka hapo. Unga usioumuka hautumbuki, na kisichotumbuka yeye hakiiti kitumbua, humpa kuku. Chila nayo, alisema, haigeuzwi. Humiminwa kikaangoni ikafunikwa, basi; ukimwona mtu anaigeuza ujue anapika kitu kingine na jina ameliiba. Na maandazi, akasema, zamani hayakuwa donge la unga peke yake. Bibi yake akisema maandazi alikusudia chakula chochote kilichoandaliwa kwa wageni, na mwandazi alikuwa mpishi wa shughuli, mtu wa heshima. Pandu aliandika mpaka vidole vikamuuma. Siku ya pili yake, kwa ajili ya neno moja alilolisahau, Bi Mize alikwenda kwa miguu mpaka Jambiani kumuuliza mwanamke mwenziwe, akarudi magharibi miguu imevimba na neno lake mdomoni.

Asubuhi ya kuondoka alimuuliza mwanawe kama ameandika na bariyo. Pandu akacheka. Akamwambia bariyo si chakula, mama, ni makombo ya jana.

Bi Mize akaweka upawa chini.

"Makombo ni yaliyobaki," alisema. "Bariyo ni yaliyobakishwa. Makombo mtu kashiba, kaacha. Bariyo mtu hajashiba, lakini kamuwekea mwenziwe ale asubuhi. Wewe ulipokuwa ukienda skuli Paje kwa miguu, ulikuwa ukila nini kabla hujatoka? Na aliyekuwekea alilala na nini tumboni?"

Pandu akafungua daftari. Akaandika. Aliona haya siku ile, lakini haya njema, ile inayomrejesha mtu mahali pake, na laiti angedumu nayo. Alipofunga daftari, mama yake akamwambia kuwa yeye hana anachotaka, ila kimoja tu, atajwe. Aseme redioni kwamba haya kayapata kwa Mize binti Usi wa Bwejuu. Pandu akamshika mkono akaahidi, jina lako, mama, na jina la kijiji. Bi Mize naye alikuwa na kosa lake moja: ahadi aliitangaza kabla haijatimia. Gari lilipofika Paje, Bwejuu nzima ilikuwa inajua.

Jumatano ilipofika Pandu akenda redioni na karatasi zake, zimeandikwa kwa hati nzuri. Bwana Nahodha alizipitia huku anakunywa chai pamoja na mafundi wawili. Alifurahi nazo. Alipofika kwenye jina la Bi Mize akasita, akauliza huyu ni nani. Aliuliza tu, kama anavyouliza mtu wa kazi. Kisha akatania kidogo, kuwa watu wa shamba wanajua nini habari za staftahi, wao si bariyo tu? Mafundi wakacheka.

Hapo palikuwa na nafasi. Maneno yenyewe ni matatu, ni mama yangu. Mtoto mdogo angeyasema. Pandu alikisikia kicheko kile akaona ni kile kile cha mwaka wa sitini na nne, kimekaa miaka sita kinamngoja, na uso ukamuwaka.

"Bibi mmoja tu," alisema.

Bwana Nahodha akasema kama ni bibi mmoja tu basi jina la nini, akamrudishia karatasi. Hakumlazimisha. Kalamu ilikuwa ya Pandu na mkono ulikuwa wa Pandu. Alilikata jina la mama yake kwa mstari mmoja, na juu yake, bila ya kuombwa na kiumbe yeyote, akaandika: bibi mmoja wa Shangani. Shangani kwenye majumba makubwa, ambako hakuwa akimjua bibi hata mmoja.

Laiti yangeishia hapo. Lakini alipokuwa hewani alisema vizuri, na Bwana Nahodha alikuwa nyuma ya kioo akitikisa kichwa kwa furaha, na mtu akisifiwa hulewa. Ile habari ya kitumbua kutumbuka ilimfanya fundi mmoja ajipige paja kwa kicheko. Pandu akataka wacheke tena. Akafika kwenye bariyo, akayaacha yaliyoandikwa, akasema yake ya papo kwa papo. Alisema ndugu zetu wa shamba hawahitaji majina mengi, maana asubuhi yao ni makombo ya jana, na makombo hayana historia. Walicheka nyuma ya kioo. Alipotoka walimpa mkono wote watatu.

Usinambie alisahau kuwa Bwejuu kuna redio. Ipo dukani kwa ushirika, yeye mwenyewe aliwahi kuinunulia mabetri. Alijua wanasikiliza. Alishuka ngazi akitabasamu, na kufika barabarani tabasamu likamtoka lenyewe, akasimama pale watu wanampita. Alitaka kurudi juu. Arudi akaseme nini? Kipindi kimekwisha.

Ijumaa alikwenda Darajani na moyo wake unamwambia kapu halitakuwapo. Lilikuwapo. Mjaka, aliyezoea kumtania, alimpa kapu bila ya salamu. Pandu akajikaza akamuuliza kama walisikia.

Mjaka akamwambia walisikia. Duka lilijaa mpaka nje. Bi Mize alivaa kanga mpya, wanawake wakampisha akae mbele karibu na redio, na alikuja na sinia la vitumbua limefunikwa kawa, wagawane jina lake likishatajwa. Ilipofika habari ya unga kutumbuka, wanawake walianza kutazamana na kuchekeana, maana maneno yalikuwa yake, hata pumzi ilikuwa yake. Wakangoja. Likaja la Shangani. Baada yake likaja la makombo. Aliyezima redio hakujulikana, na sinia lilirudi nyumbani kama lilivyokuja.

"Mimi ningekuwa yeye," alisema Mjaka, "leo nisingekutumia kitu."

Wiki tano Pandu hakwenda kwao. Kapu lilikuja kila Ijumaa, naye alivigawa vitumbua kwa majirani, kwa sababu kimoja alichokijaribu hakukimaliza. Mjini walimsifu. Mwalimu mkuu alimpongeza mbele ya skuli nzima, na mwenye kuuza kahawa akakataa senti zake, akimwita bingwa. Kila sifa ilimchoma. Darasani aligeuka ubaoni kuandika akajikuta amesimama, chaki mkononi, anaona kanga mpya ya mama yake. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa na haya, haya kavu, ya kutotaka kujitazama kiooni wakati wa kunyoa ndevu. Kila alfajiri akimaliza sala aliapa kuwa Jumamosi hii atakwenda, na kila Jumamosi akapata la kumzuia.

Jumamosi ya sita akenda. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Angemwangukia mama yake, kisha angekwenda pale pale dukani, mbele ya watu, aseme: mimi ndiye muongo, aliyenifundisha ni huyu. Aliyarudia mpaka yakawa laini mdomoni. Kufika Bwejuu alikuwa karibu ajisikie mtu mwema.

Uani alimkuta Bi Kazija, jirani yao, anaanika nguo. Akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba vizuri tu. Kisha Bi Kazija akageukia mlango wa jiko akaita.

"Bi Shangani! Mgeni wako huyu!"

"Naam," akaitika Bi Mize kutoka ndani.

Pandu alisimama kama kapigwa. Bi Kazija akaanza kucheka, akamweleza taratibu, huku anabana nguo zake kambani. Kumbe siku ya pili ya ile redio Bi Mize aliwapitia wote waliokuwapo, nyumba baada ya nyumba. Aliwaambia amewadanganya. Mwanawe hakumuuliza kitu hata siku moja, alikuja likizo kupumzika tu. Yeye alisikia mwanawe atazungumza redioni akatamani ukubwa. Hayo ya vitumbua mwanawe kayapata huko huko mjini, kwa huyo bibi wa Shangani. Na hilo la makombo ni mzaha wa kazi, ndivyo wanavyoambiwa waseme. Basi, akasema Bi Kazija, tangu hapo jina lake ndilo hilo, mpaka watoto wanaokuja kununua wanamwita hivyo. Mtu mzima na mvi zake, kutaka makubwa! Pandu alimtazama machoni ajue kama ameyaamini, asijue.

Jikoni Bi Mize alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Alikuwa amekonda kidogo. Alimkaribisha kama siku zote, akamuuliza safari, akamuuliza kikohozi cha mwaka jana kama kimekwisha. Pandu alikaa chini sakafuni, miguuni pake. Maneno yote ya njiani yalimtoka kwa mkupuo: kuwa amemkosea, kuwa anakwenda dukani sasa hivi kuwaambia watu ukweli, kuwa hatakubali aitwe vile hata saa moja zaidi.

Bi Mize aliendelea kukuna.

"Wameshacheka, wamechoka," alisema. "Mimi nshauzoea uongo wangu. Ukenda ukasema leo, jina watakupa wewe, na jina lako Mjaka atalishusha Darajani. Mwalimu hasomeshi na jina la namna hiyo. Mwache Bi Shangani alivyo."

Sasa nnakwambia jambo ambalo Pandu alilijua tokea anatambaa, na kila mtu wa Bwejuu analijua. Huko, kukataa mara moja si kukataa. Mgeni ukimkaribisha chakula atakwambia nshakula, na wewe humvuta mkono. Atasema nimeshiba, humvuta tena. Mara ya tatu ndiyo neno. Mtu anayepokea la kwanza akaondoa sahani, watu husema hakuwa na nia ya kukirimu. Bi Mize alikataa mara moja.

"Basi mama," alisema Pandu, "kama ndivyo unavyotaka wewe."

Alilisema upesi. Lilimtoka pamoja na pumzi, pumzi ndefu iliyokuwa imekaa kifuani wiki sita, na mabega yake yakashuka.

Bi Mize akaacha kukuna. Alimtazama usoni, yule mtoto aliyekuwa akimwekea bariyo, na Pandu aliona jinsi mama yake alivyokuwa akingoja, na jinsi alivyoacha kungoja.

"Umepumua, mwanangu," alisema. Hakukuwa na hasira ndani yake.

Pandu alifungua kinywa akane, akakosa cha kukana. Akataka kusema tena, nakwenda, niache niende; lakini sasa, pumzi imeshaonekana, lingekuwa la kuombwa, si la nia, na wote wawili walijua lina thamani gani. Mama yake akarejea kwenye nazi yake. Duka halikuwa mbali, unalisikia hata watu wanavyozungumza barazani, hatua mia hazifiki. Pandu hakwenda siku ile, wala siku nyingine, na Bi Mize hakumgusia tena mpaka alipokufa.